Karakana ya Ukerezaji au Idara ya Matengenezo: Mwanagenzi wa Uhandisi Aanzie Wapi?

Kampuni nyingi za uzalishaji zinazopokea wanagenzi wa uhandisi humuuliza kijana swali moja mapema mno, wakati mwingine siku ileile anapokabidhiwa ovaroli na viatu vya usalama: je, atakaa karakana, ambako vipuri, jigi (vifaa vya kushikilia na kuongoza kazi) na moldi hutengenezwa kwa mashine za kukereza na za milingi, au atakwenda idara ya matengenezo, ambayo jukumu lake ni kuhakikisha kwamba mitambo ya kiwanda haisimami? Swali hilo huonekana dogo, kwa sababu pande zote mbili ziko chini ya paa moja, huchukua zana katika stoo moja, na mara nyingi humfikisha mtu kwenye cheti cha ngazi ileile. Hata hivyo, kinachomchosha mtu jioni, kinachomfurahisha, na namna ya kufikiri anayojengewa katika miaka 3 au 4 ya mafunzo hutofautiana sana. Mimi nilianza karakana kwa miaka 2, nikahamishiwa matengenezo kwa miaka mingine 2, na tangu hapo nimewasimamia wanagenzi wa pande zote mbili. Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua kabla hajaonjeshwa.

Tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni hii. Katika karakana, mwanagenzi anajua tangu asubuhi kitu anachotakiwa kukitoa, kwa maana kimechorwa na vipimo vyake vimeandikwa, na taabu yake yote ni kukifikia. Katika matengenezo, anajua tu kwamba mtambo haufanyi kazi, na taabu yake kubwa ni kujua kwa nini. Sababu ikishajulikana, kazi ya mikono yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa. Anayechagua na ajiulize kwanza ni taabu ipi kati ya hizo mbili anayoweza kuibeba kila siku bila kukata tamaa, kabla hajauliza habari za posho na zamu.

Karakana: kukifikia kipimo

Miezi ya mwanzo ya karakana si ya mashine. Mwanagenzi husimama mbele ya jiliwa akiwa na tupa mkononi, na kupewa kipande cha chuma laini ambacho anatakiwa kukipiga tupa hadi nyuso zake ziwe bapa na pembe zake ziwe mraba. Fundi hukiinua kwenye mwanga, hukiwekea guni, na akiona mstari mwembamba wa nuru ukipenya kati ya guni na chuma, hukirudisha bila maneno mengi. Wengi hulalamika kwamba hawakuja kiwandani kupiga tupa, na mimi nililalamika pia, lakini baadaye nilikuja kuona kwamba mkono uliozoea kuhisi chuma kikikatika taratibu ndio mkono unaotambua, kwa mtetemo wa gurudumu la mashine, kwamba kisu kimeanza kuwa butu kabla macho hayajaona lolote.

Baada ya hapo huja kupima. Maikromita ya kawaida kwa asili ni skrubu tu: mzunguko mmoja mzima husogeza ncha yake nusu milimita, na pipa lake limegawanywa sehemu 50, kwa hiyo kila mstari mmoja ni sehemu moja ya mia ya milimita. Maelezo hayo huchukua dakika tano. Kinachochukua miezi ni kujizuia usiikaze, kwa kuwa mkono ukiongeza nguvu kidogo, maikromita itakupa jibu unalolitamani badala ya jibu lililo la kweli. Desturi ya kuheshimu kipimo imerithishwa hivyo kwa vizazi, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake. Katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, mapema katika karne ya 19, walipita James Nasmyth, Richard Roberts na Joseph Whitworth, na ni Whitworth aliyependekeza mwaka 1841 kwamba meno ya skrubu yafuate umbo na vipimo vya aina moja, wakati ambapo karakana nyingi zilikuwa zikiyakata kila moja kwa namna yake.

Hesabu ya karakana ni ya kila saa, lakini si ngumu. Ukitaka kujua mashine izunguke mara ngapi kwa dakika, unachukua kasi ya ukataji inayofaa chuma hicho kwa mita kwa dakika, unaizidisha kwa 1000, kisha unaigawa kwa pai mara kipenyo. Chuma laini cha kipenyo cha milimita 50, kikikatwa kwa kisu cha kawaida cha chuma kigumu kwa kasi ya mita 25 kwa dakika, kinahitaji mizunguko kama 160. Ukitaka kukata meno ya bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ndani ya tundu, unatoboa kwa drili ya milimita 8.5, kwa sababu hatua ya meno hayo, yaani umbali kutoka jino moja hadi jingine, ni milimita 1.5. Baada ya mwaka mmoja mambo haya huwa hayahitaji daftari tena.

Ugumu uko kwingine, na ninaweza kuuonyesha kwa kosa langu mwenyewe. Katika mwezi wangu wa kumi nilipewa shafti ya feni kubwa, ambayo mahali pa kukalia beringi palitakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 60 kwa toleransi ya k6. Maana yake ni kwamba kipenyo halisi kisipungue milimita 60.002 wala kisizidi 60.021, yaani nafasi nzima niliyoachiwa ilikuwa mikroni 19 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu hufikia takriban mikroni 70. Niliukata ule mzunguko wa mwisho polepole, nikasimamisha mashine, nikapima palepale, na maikromita ikasoma 60.012. Nilifurahi, nikaandika kipimo hicho kwenye kadi ya kazi na kuitoa shafti. Asubuhi iliyofuata fundi mkuu aliipima mbele yangu, nayo ikasoma 59.991.

Hakunifokea. Aliniwekea kiganja juu ya ile shafti iliyokuwa imepoa na kusema, "Kijana, jana hukupima shafti. Jana ulipima joto." Chuma cha pua na chuma cha kawaida hutanuka kila kimoja kwa kiwango chake, na chuma cha kawaida cha mashine hutanuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kipande changu kilikuwa kimepata joto la nyuzi 30 hivi zaidi ya lile linalotakiwa wakati wa kupima, na milimita 60 kwa nyuzi 30 hutoa mikroni karibu 21. Vipimo vya uhandisi duniani huchukuliwa kuwa ni vya nyuzi 20 za Selsiasi, kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1931, na mchoro wowote unaposema 60.002 unamaanisha 60.002 katika joto hilo. Kazi ya siku mbili ikaingia kwenye pipa la chuma chakavu, na mimi nikatakiwa kuandika sababu kwa mkono wangu kwenye kadi.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo sura halisi ya karakana. Kosa lake huonekana, huwa na namba, na huwa na jina la aliyelifanya. Hakuna mtu wa kugawana naye lawama, kwa kuwa kadi ina saini moja. Yuko kijana ambaye hali hiyo humtuliza, kwa sababu akifaulu pia hapana mjadala: kipimo kimeingia ndani ya toleransi au hakikuingia. Yuko mwingine ambaye humfanya awe na woga kiasi cha kuogopa kuanza kazi, na huyo atateseka karakana hata kama ana akili nyingi.

Matengenezo: kuitafuta sababu

Siku ya matengenezo haina umbo. Unaweza kuanza asubuhi kwa kazi iliyopangwa, mathalani kutia grisi na kukagua mikanda ya mota kwa kufuata orodha, kisha saa nne redio ikaita kwamba laini ya pili imesimama. Unapofika, unakuta waendesha mashine wamesimama, msimamizi wa uzalishaji anatazama saa, na kila mmoja ana maoni yake. Hapo ndipo mwanagenzi hujifunza jambo ambalo hakuna darasa linaloweza kumfundisha sawasawa, nalo ni kutulia wakati watu wanamtazama.

Fundi mzuri wa matengenezo hafungui kitu kwanza. Anamuuliza mwendesha mashine mtambo ulikuwa ukifanya nini kabla haujasimama, ulitoa sauti gani, na kama kuna mtu aliyebadilisha chochote siku hiyo au usiku uliotangulia. Kisha anatazama, ananusa, anaweka mkono karibu na mota bila kuigusa, na anapima. Ukimfuata mtu wa namna hiyo kwa mwaka mmoja, unaanza kuona kwamba nusu ya kazi ni mazungumzo, na kwamba mwendesha mashine aliyekaa na mtambo ule kwa miaka mingi anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chake cha maelekezo. Mwanagenzi anayemdharau mwendesha mashine kwa sababu hana cheti hujifungia mlango wa kwanza wa maarifa.

Kiasi cha mambo ya kujua ni kikubwa, na kimesambaa. Kuna umeme wa fezi tatu: kwamba mota ya poli nne katika umeme wa hezi 50 ingezunguka mara 1500 kwa dakika kama isingebaki nyuma ya uga wake wa sumaku, lakini kibati chake huandikwa karibu 1440, kwamba fezi moja ikikatika mota ikiwa na mzigo wote, mkondo katika fezi mbili zilizobaki hupanda hadi takriban mara 1.7, na ndiyo maana rilei ya kulinda mota, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, ikikatika mara kwa mara, anayeipandisha kiwango ili isikatike anaiunguza mota kwa mkono wake mwenyewe. Kuna hewa iliyobanwa, kuna haidroli, kuna minyororo na giaboksi, kuna vitambuzi, na kuna PLC, yaani kidhibiti cha kompyuta kilichozaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kuondoa makabati ya rilei katika viwanda vya magari, ambacho leo kinaongoza karibu kila laini ya uzalishaji. Hakuna anayeyamaliza yote hayo katika miaka 4. Mwanagenzi wa karakana hujua mambo machache kwa kina, na wa matengenezo hujua mengi kwa kiasi, na kila mmoja kati yao hupitia kipindi cha kumwonea mwenzake wivu.

Katika mwezi wangu wa tano wa matengenezo niliitwa pamoja na fundi wangu kwenye feni iliyokuwa inatetemeka. Beringi yake ilikuwa imebadilishwa mara mbili ndani ya wiki tano, na stoo ilikwisha kutoa ya tatu. Mimi nilikuwa tayari na kifaa cha kuipasha joto ili iingie, lakini fundi alikataa isiwekwe kabla ya kupima mahali inapokalia. Alifuta shafti kwa kitambaa, akanionyesha unga mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, na chini yake mkanda wa chuma uliong'aa kama kioo pale ambapo pete ya ndani ya beringi ilikuwa ikizunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka pamoja nayo. Maikromita ilisoma chini ya milimita 60. Beringi zile mbili hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zimekalia mahali palipopwaya kwa mikroni chache, na zilipwaya zaidi kila siku iliyopita.

Haikuwa ile shafti yangu, kwa kuwa ile ilikatwa na kutupwa, lakini nilisimama pale nikijua kabisa kwamba kama fundi mkuu wa karakana asingeipima tena asubuhi ile, haya ndiyo ambayo ingeyafanya. Kabla ya siku hiyo nilichukulia toleransi kuwa ni sheria ya mchoro. Tangu siku hiyo ninapoona k6 ninaona unga wa kahawia. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa karakana tupu hukosa: hutoa kipuri kizuri, hukipeleka stoo, na hajui kinaishije huko kiendako. Na mtu wa matengenezo tupu hukosa upande wake: hubadilisha beringi ya tatu, ya nne na ya tano, kwa sababu hajawahi kulazimika kukitafuta kipimo cha mikroni 19 na haamini kwamba kinaweza kuwa na maana.

Ushahidi kwamba kubadilisha tu hakutoshi haupo kwenye feni yetu peke yake. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti kuhusu namna vifaa vya ndege vinavyoharibika, na katika vifaa walivyovichunguza asilimia 68 vilifuata mwenendo wa kuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni, mara vinapowekwa, kisha hatari hiyo ikashuka na kutulia. Kiwanda si ndege, lakini kila fundi wa matengenezo anaufahamu usiku ule baada ya matengenezo makubwa, ambapo mtambo uliofanyiwa kazi wiki nzima ndio unaosimama wa kwanza.

Usalama na muda

Hatari zipo pande zote mbili, ila si za aina moja, na tabia inayokulinda upande mmoja inaweza kukuumiza upande wa pili. Mfano ulio wazi ni glavu. Kwenye mashine inayozunguka, mwanagenzi hukatazwa kabisa kuvaa glavu, pete, saa au mikono mirefu iliyo wazi, kwa sababu kinachonaswa na shafti huvuta mkono mzima. Kwenye matengenezo, kuna kazi ambazo bila glavu hakuna anayekuruhusu kuzigusa. Katika karakana jambo la kwanza kuzoea ni kutoachia ufunguo wa kishikio kinachobana kipande kwenye mashine ukiwa ndani yake hata kwa sekunde moja, na kutoondoa chenga za chuma kwa vidole.

Katika matengenezo jambo la kwanza ni kufuli. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya mtambo, unazima swichi yake kuu, unaweka kufuli lako wewe mwenyewe pamoja na kadi yenye jina lako, ufunguo unakaa mfukoni mwako, kisha unajaribu kuuwasha mtambo ili ujiridhishe kwamba hauwaki. Wakiwa watu wanne wanafanya kazi, kufuli ni manne. Tena umeme si nguvu pekee iliyomo: hewa iliyobanwa, springi iliyokazwa, mafuta ya haidroli na uzito ulioning'inia hubaki na nguvu baada ya umeme kukatika, na hivyo navyo lazima vitolewe nguvu yake. Nikimwona fundi anayemwambia mwanagenzi kwamba kazi ya dakika mbili haihitaji kufuli, simwachii mwanagenzi mwingine.

Kuhusu muda hakuna mengi ya kusema. Karakana kwa kawaida hufuata saa za mchana. Matengenezo hufuata zamu, na kazi kubwa hufanywa uzalishaji unaposimama, maana yake ni wikendi, sikukuu na kipindi cha kiwanda kufungwa kwa mwaka. Mwenye kusoma jioni au mwenye familia inayomhitaji usiku alizingatie hilo mapema, kwa kuwa kusoma sakiti za umeme mchana baada ya zamu ya usiku ni jambo gumu kuliko linavyosikika.

Namna kila upande unavyoweza kukupotezea miaka

Sehemu hii ninaiona kuwa muhimu kuliko ulinganisho wa kazi zenyewe, kwa sababu karakana nzuri ni bora kuliko matengenezo mabaya, na kinyume chake ni kweli vilevile.

Karakana humpotezea kijana miaka kwa njia moja kuu: humweka kwenye mashine moja inayoongozwa na kompyuta, humfundisha kuweka kipande, kufunga mlango, kubonyeza kitufe na kutoa kipande, kisha humwacha hapo. Vipande hutoka vizuri, msimamizi hufurahi, na mwanagenzi mwenyewe huona kwamba anafanya kazi ya kisasa, lakini mwishoni mwa mwaka wa pili hajui kwa nini programu imechagua kasi ile, hajawahi kunoa kisu, na hajawahi kuanza na mchoro mtupu. Nimewapokea vijana wa namna hiyo, na ilitulazimu kuwarudisha kwenye jiliwa wakiwa na umri wa kuona aibu. Alama ya hatari ni hii: ukiona wanagenzi wanahesabiwa katika idadi ya watu wa uzalishaji, na siku ambayo mmoja hayupo uzalishaji unapungua, ujue kwamba hao ni vibarua waliovaa jina la uanagenzi.

Matengenezo humpotezea miaka kwa njia ya taratibu zaidi na isiyoonekana. Humfanya kuwa mshika tochi. Mtambo ukisimama, muda ni mdogo, fundi hana nafasi ya kueleza, na ni rahisi kwake kufanya mwenyewe na kumtuma kijana kuleta spana ya namba 17. Kijana huona matukio mengi sana, husimulia vizuri, na bado hajawahi kulifuata tatizo moja kuanzia swali la kwanza hadi saini ya mwisho. Dawa yake ni kazi iliyopangwa, ambayo hufanywa bila presha na ambayo mwanagenzi anaweza kuachiwa mikononi. Idara ambayo kazi zake karibu zote ni za dharura haiwezi kumfundisha mtu, hata kama mafundi wake ni hodari, kwa sababu hakuna dakika ya kufundishia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, omba kuzungushwa, na ukiwa huko uliza mambo machache kwa adabu. Upande wa karakana, omba kuona kazi ya mwanagenzi wa mwaka wa pili, kisha umuulize mwenyewe aliianzaje. Upande wa matengenezo, uliza ni sehemu gani ya kazi za wiki iliyopita ilikuwa imepangwa na ni sehemu gani ilikuwa ya dharura. Msimamizi anayejibu kwa namba anaijua idara yake. Pande zote mbili, omba kuona daftari la kazi la mwanagenzi mmoja. Daftari lenye michoro ya mkono, vipimo na masahihisho ya fundi kwa kalamu nyingine linaonyesha kwamba kuna mtu anayefundisha, na daftari lililoandikwa kwa mwandiko uleule na wino uleule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho liliandikwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi.

Baada ya cheti

Anayetoka karakana ana njia zinazoelekea kwenye utayarishaji wa programu za mashine, usanifu wa jigi na moldi, na idara ya ubora, ambako heshima ya kipimo humfanya aaminike haraka. Akipenda kujitegemea, anaweza kuanza na mashine moja ya kukereza iliyotumika na wateja wachache. Udhaifu wake ni kwamba kazi zenye ubora wa juu ziko katika sehemu chache, na akihama mji huenda asizikute.

Anayetoka matengenezo huhama kwa urahisi zaidi, kwa maana mota, pampu, mikanda na vidhibiti ni vilevile katika kiwanda cha saruji, cha karatasi, cha vinywaji na hata katika hospitali kubwa. Njia yake huelekea kwenye upangaji wa matengenezo, miradi ya kufunga mitambo mipya, na uongozi wa kiwanda, kwa kuwa amekijua kiwanda kizima na watu wake. Udhaifu wake ni kwamba ujuzi wake ni mgumu kuonyesha kwenye karatasi. Mtu wa karakana anaweza kuweka kipande mezani na kusema nimekitengeneza mimi; mtu wa matengenezo hujivunia mtambo ambao haukusimama, na hilo halipigwi picha. Ndiyo maana namsihi kila mwanagenzi wa upande huo aandike kila hitilafu: dalili, alichodhani kwanza, alichopima, na sababu iliyopatikana, pamoja na zile alizokosea.

Kwa anayetaka kuendelea na shahada ya uhandisi, pande zote mbili hulipa, ingawa kwa masomo tofauti. Karakana humsaidia katika usanifu na sayansi ya vifaa, na matengenezo humsaidia katika umeme, udhibiti na mienendo ya mitambo.

Ningechagua vipi leo

Kama kampuni inaruhusu kuzunguka, ningeomba miezi 12 hadi 18 ya karakana kwanza, kisha matengenezo, wala si kinyume chake. Sababu yangu ni kwamba tabia ya kupima ikishaingia haitoki, na matengenezo huihitaji kila siku bila kuwa na muda wa kuifundisha. Aliyeanza matengenezo akazoea kasi na sifa za kuokoa laini iliyosimama huona karakana kuwa ni kifungo, na wachache sana huvumilia tupa wakiwa wameshaonja redio.

Kama hakuna kuzunguka na ni lazima uchague upande mmoja, usitazame tu moyo wako. Tazama kampuni yenyewe inauza nini. Ikiwa inauza vipuri, moldi, vali au kitu chochote kinachokatwa kwa mashine, nenda karakana hata kama unapenda umeme, kwa sababu mafundi bora na mashine bora ziko huko. Ikiwa inauza kitu kinachotiririka kwenye laini, kama chupa, karatasi, unga au saruji, nenda matengenezo, kwa sababu karakana yake huenda ni chumba kimoja chenye mashine mbili za zamani zinazowashwa panapohitajika kipuri cha haraka. Ubaguzi mmoja tu naukubali: ukikuta katika chumba hicho cha mashine mbili fundi mzee anayempimisha kijana mara tatu kabla ya kuandika, na kumwambia asubiri chuma kipoe, kaa naye kwa muda wote atakaokuwepo.